Mkate, Usingizi na Sauti ya Chini

SOMO LA WIKI – VIKUNDI VYA NYUMBANI

Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:1–18
Maandiko ya kusaidia: Yohana 9:1–7, Marko 7:31–37, Wagalatia 6:2

Lengo la somo: Tukimaliza, kila mmoja wetu aweze kutofautisha hali ambayo mtu amezaliwa nayo na kidonda ambacho watu wamemtia. Pia ajue jambo moja la kufanya wiki hii ili aliyejeruhiwa apate nafuu.

UTANGULIZI



Jumapili hii, wakati wa kusifu na kuabudu, hebu angalia upande wa mlango. Kinanda kimepanda, ngoma zimeingia, sisi wengine tunaruka. Lakini pale nyuma kuna mtoto ameziba masikio kwa mikono miwili, analia, anavuta nguo ya mamake. Baada ya dakika chache mama anachukua mkoba wake na kutoka. Watu wanageuka kuangalia. Mmoja anasema, "Huyo mtoto hana adabu." Mwingine anasema, "Hiyo ni roho fulani." Jumapili ya pili wanatoka tena. Jumapili ya tatu hawaji.

Hakuna mtu amewafukuza. Lakini wameenda.

Somo la leo ni juu ya huyo mtoto. Pia ni juu ya mtu mzima ambaye zamani alikuwa huyo mtoto, na leo ameketi kati yetu, amevaa vizuri, anatabasamu, lakini ndani amechoka kabisa. Tunataka kuuliza maswali mawili. Watu kama hawa hujeruhiwa na nini? Na Mungu humwinua vipi mtu aliyejeruhiwa?

1. TUNAONGEA JUU YA NANI?

Kuna watu ambao ubongo wao hufanya kazi kwa njia tofauti na ya wengi wetu, tangu utotoni.

Mwenye usonji anaweza kuchelewa kuongea, au asiongee kabisa, au aongee vizuri sana lakini ashindwe kusoma nyuso za watu. Anapenda mambo yafuatane vile vile kila siku. Masikio, macho na ngozi yake vinaweza kupokea mambo kwa nguvu kuliko vyetu, hadi sauti ambayo kwako ni ya kawaida kwake inauma. Mwenye ADHD anashindwa kutulia au kuweka akili pahali pamoja, anasahau, anakatiza watu wakiongea, si kwa sababu anadharau. Mwenye disleksia ana akili zake timamu, lakini kusoma na kuandika kunamtoa jasho. Na wengine wana hali mbili au tatu pamoja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa kipimo hicho, kanisa la watu 500 lina karibu watu 4 wenye usonji, na hapo hujahesabu ADHD wala disleksia. Kama huwaoni kanisani, jiulize wako wapi.

Sasa, swali la kwanza watu huuliza ni lile wanafunzi walimuuliza Yesu katika Yohana 9 juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye ama wazazi wake? Yesu alikataa majibu yote mawili. Hakuwapa mtu wa kulaumu. Aliwaonyesha kazi ya Mungu iliyokuwa mbele yao, halafu akaanza kuifanya.

Hata wasomi wameanguka kwa shimo hilo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner huko Marekani aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hii tunayoita usonji. Miaka iliyofuata ikazuka nadharia kwamba watoto hawa walikuwa hivyo kwa sababu mama zao hawakuwapenda vya kutosha. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alichapisha kitabu kizima cha kusukuma wazo hilo. Halafu mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter, huko Uingereza, walichunguza jozi 21 za mapacha. Wakaona kwamba pacha wa kufanana kabisa hushiriki usonji mara nyingi zaidi kuliko mapacha wa kawaida. Maana yake hali hii iko sana katika urithi wa mwili, si katika malezi. Lakini kufikia hapo akina mama wengi walikuwa wamelia miaka mingi kwa kosa ambalo hawakufanya.

Sisi hapa hatusemi "hukumpenda." Sisi tunasema, "Ulifanya nini ukiwa na mimba?" au "Kwenu kuna laana gani?" Ni swali lile lile la wale wanafunzi, limevaa nguo zingine. Dada yangu, kama umelibeba swali hilo, liweke chini leo. Bwana mwenyewe alilikataa.

2. HALI NI MOJA, KIDONDA NI KINGINE

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwa kazi hii. Kosa moja linaloharibu vitabu vya hesabu ni kuandika gharama kwa akaunti isiyo yake. Jumla inaweza kutoka sawa, lakini hutajua pesa inapotelea wapi, na utakata bajeti ya mtu asiye na hatia.

Ndivyo tunavyofanya. Mtoto akipiga kichwa ukutani tunaandika: usonji. Akikataa kwenda shule: usonji. Akiacha kuongea maneno machache aliyokuwa nayo: usonji. Kijana akijifungia chumbani mwezi mzima: ndivyo alivyo. Kumbe sehemu kubwa ingeandikwa kwa akaunti nyingine, inayoitwa "vile ametendewa." Hali alizaliwa nayo. Kidonda kililetwa. Hatuombwi kuifuta hali ndipo tumpende mtu, lakini kidonda kinaweza kuzuiwa, na kinaweza kutibiwa. Kiwewe ni jina la kidonda hicho: jambo limepita, lakini mwili na moyo bado vinaishi kana kwamba linaendelea.

Hebu tuangalie vidonda vinne.

Kidonda cha kupigwa. Mtoto wa ADHD hawezi kukaa kitako dakika 40. Anachapwa kwa kusimama, anachapwa kwa kusahau kitabu, anachapwa kwa kujibu kabla hajaulizwa. Kiboko hakijawahi kumfundisha ubongo wake kutulia. Kinamfundisha kuogopa tu, na mtoto anayeogopa husahau zaidi. Tujue pia kwamba Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, imekataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumtesa mwanafunzi mwili au akili. Uchambuzi uliotayarishwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2012 ulionyesha kwamba watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya watoto wengine. Na yule asiyeongea ndiye hatari zaidi, kwa sababu hatasema. Kwa hivyo mzazi, ukiona mabadiliko ya ghafla, kama kukojoa kitandani tena, kuogopa pahali fulani au mtu fulani, kukosa usingizi, kupoteza maneno, usiseme "ni hali yake." Uliza. Chunguza. Nambari ya simu ya watoto ni 116, na haitozi pesa.

Kidonda cha maneno. "Mjinga." "Mvivu." "Wewe mbona usiwe kama dadako?" Mtu mwenye disleksia anaweza kuwa ameketi kwa darasa miaka 8 akisikia hivyo kila siku. Leo ana miaka 35, ana duka lake, anahesabu pesa kichwani haraka kuliko mashine, lakini ukimpa Biblia asome mbele ya kikundi mikono inatetemeka. Atasema ameacha miwani nyumbani. Hana shida ya macho. Yuko tena darasa la tatu mbele ya ubao.

Kidonda cha kelele na ghafla. Hapa wengi tunashangaa. Tunafikiri kiwewe ni cha vita, ajali au wizi wa mabavu. Lakini kwa mtu mwenye usonji, jambo ambalo wewe umelisahau jioni hiyo hiyo linaweza kumwachia alama: honi ya matatu karibu na sikio, kushikwa kwa nguvu na watu wengi, kubebwa ghafla hadi pahali asipopajua bila kuelezwa. Usipime kidonda chake kwa rula ya ngozi yako.

Kidonda cha kujikaza. Wengi wenye usonji au ADHD hujifunza kujificha. Wanalazimisha macho kuangalia watu, wanacheka wenzao wakicheka, wanazuia mikono isichezecheze. Watu wanasema, "Mbona ako sawa tu?" Hebu fikiria kama simu yako. Asubuhi nguvu zake zilikuwa kidogo. Saa nne zimeisha. Kutoka hapo hadi jioni anatumia Fuliza. Akifika nyumbani, kitu kidogo tu, sufuria imeanguka, na analipuka: kilio, mateke, vyombo chini. Mama anashangaa, "Mwalimu amesema alikuwa mzuri siku yote!" Ndio, alikuwa mzuri, lakini kwa mkopo. Sasa deni linakatwa, na linakatwa nyumbani kwa sababu nyumbani ndiko anakojisikia salama. Hiyo si tabia mbaya. Ni akaunti imefika mwisho.

3. JINSI MUNGU ALIVYOMHUDUMIA ELIYA

Sasa twende kwa Neno. Sisemi Eliya alikuwa na usonji. Biblia haisemi hivyo, na sisi tusiseme. Tunaenda pale kwa sababu 1 Wafalme 19 inatuonyesha vile Mungu anamshughulikia mtumishi wake ambaye roho yake imevunjika.

Sura ya 18 tunaipenda sana. Karmeli! Moto unashuka, watu wanaanguka kifudifudi, mvua inakuja. Sura ya 19 huwa hatuihubiri kwa sauti hiyo. Yezebeli anatuma ujumbe wa kumuua, na mtu yule yule aliyesimama mbele ya manabii 450 wa Baali anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amuue.

Angalia mfuatano wa mambo ambayo Mungu alifanya.

Kwanza, mwili. Eliya alilala. Malaika hakumwamsha na mahubiri. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, na akakiri kwamba safari ni kubwa kumliko. Mbinguni hakukutoka neno la kumwambia ajikaze kama mwanaume. Mungu aliona kwamba mzigo umezidi nguvu, akaongeza nguvu kabla ya kutaja mzigo.

Pili, swali. Baada ya siku 40 Eliya amefika Horebu, ameingia pangoni. Mungu anamuuliza anafanya nini pale. Eliya anamwaga moyo wake wote, na kuna mambo ndani yake hayako sawa. Mungu anamwacha amalize. Halafu anamuuliza swali lile lile tena, na Eliya anajibu maneno yale yale. Mungu hakusema, "Hiyo umeshasema." Wale mnaoishi na mtoto anayerudia swali moja mara ishirini kwa siku, muone hapo uvumilivu wa Baba.

Tatu, sauti ya chini. Upepo ukaja wa kupasua miamba. Tetemeko likaja. Moto ukaja. Biblia inasema wazi kwamba Bwana hakuwa ndani ya hivyo. Baadaye ikaja sauti ndogo, tulivu, na hapo ndipo Eliya alipofunika uso wake akatoka.

Mpendwa, hapa ndipo pointi ya somo hili. Mungu wa Karmeli na Mungu wa Horebu ni mmoja. Katika sura ya 18 alijibu kwa moto, na katika sura ya 19 angeweza kufanya hivyo tena. Lakini aliyesimama mbele yake sasa alikuwa mtu aliyejeruhiwa, na Mungu akashusha sauti. Sisi ni kanisa la Karmeli, na hatuoni haya. Tunapiga makofi, tunalia kwa Mungu. Lakini kanisa ambalo halijui kushusha sauti limejifunza nusu tu ya tabia ya Mungu wake.

Nne, kazi na mwenzake. Mungu alimpa Eliya kazi ya kwenda kupaka watu mafuta, na mmoja wao, Elisha, akawa wa kutembea naye. Ndipo sasa akamrekebisha: kuna watu 7,000 Israeli hawajapigia Baali goti, hauko peke yako. Ona marekebisho yalikuja lini. Yalikuja mwisho, baada ya mkate, usingizi, kusikizwa na utulivu. Sisi huanza na marekebisho, halafu tunashangaa mbona mtu hasikii.

4. USTAHIMILIVU SI KUJIKAZA

Tukisema mtu ni mstahimilivu, wengi wetu tunafikiria mtu asiyelia. Hiyo ni kujikaza, na tumeona deni lake. Ustahimilivu ni uwezo wa kuinuka tena baada ya kuangushwa, na mara nyingi mtu hainuki bila mkono wa mwingine.

Kuna utafiti mmoja maarufu sana juu ya jambo hili. Watafiti Emmy Werner na Ruth Smith walifuatilia watoto 698, wote waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kuzaliwa hadi wakawa watu wazima wa miaka 40. Haukuwa utafiti wa usonji. Ulihusu watoto kwa jumla. Wengine walikuwa wamezaliwa katika shida nyingi: umaskini, vita nyumbani, ulevi, ugonjwa wa akili wa mzazi. Karibu theluthi moja ya hao wenye shida nyingi walikua wakawa watu wazima imara, wenye upendo na bidii. Watafiti walipotafuta sababu, jambo moja lilirudi tena na tena: mtoto alikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemea, ambaye alimkubali vile alivyo. Si lazima awe mzazi. Kwa wengine ilikuwa nyanya, shangazi, mwalimu, au mtu wa kanisani.

Mtu mmoja tu. Hiyo bajeti hata kanisa dogo kabisa linaiweza.

Kwa mtoto wa ubongo tofauti, mtu huyo ni yule anayejua kwamba hapendi kushikwa kichwani na hamshiki. Anayejua anapenda magari, na Jumapili anamuuliza habari za magari. Anayemwona akitikisa mikono na kujua kwamba hivyo ndivyo anavyojituliza, si aibu ya kuzuiwa. Mtoto akijua kuna pahali pamoja na mtu mmoja ambapo hahitaji kujificha, hapo akaunti yake inaanza kujaa.

Na wazazi nao wanahitaji mtu wao. Mama ambaye hajalala usiku kucha kwa miaka 6 ni Eliya chini ya mretemu. Kabla ya kumpelekea mstari wa Biblia, mpelekee chakula na umkalie mtoto saa mbili alale. Paulo akiwaandikia Wagalatia juu ya kubebeana mizigo, hakumaanisha tubebe kwa mdomo.

5. JE, NA MAOMBI?

Usinisikie vibaya. Tunaamini Mungu anaponya. Tunaamini kufunguliwa. Hatutaacha kuomba. Lakini tuombe kama Yesu.

Soma Marko 7:31–37. Walimletea mtu kiziwi mwenye shida ya kuongea, wakamwomba amwekee mkono. Kulikuwa na umati. Yesu alifanya nini? Alimtoa, akampeleka kando, mbali na watu. Hakumpandisha jukwaani. Halafu akagusa masikio yake na ulimi wake, akainua macho mbinguni. Mtu ambaye hawezi kusikia aliona kwa macho yake kile kilichokuwa kinafanywa juu yake. Yesu aliongea naye kwa njia ambayo angeelewa.

Kwa hivyo wahudumu wa maombi, tukubaliane mambo haya. Hatutangazi pepo juu ya mtoto kwa sababu ameziba masikio, amerudia maneno, au hakutuangalia machoni. Hatumshiki mtoto mikono na miguu. Hatumpigii kelele sikioni, wala kumnyima chakula kwa jina la kufunga. Hatumwambii mzazi atupe dawa au aache kliniki. Mtoto aliyeshikwa chini na watu wazima watano wakipiga kelele hajui kwamba ni maombi. Anachojua ni kwamba ameshikwa na hawezi kutoka. Akinyamaza hapo, huenda hajafunguliwa. Huenda amekata tamaa tu. Na siku nyingine akiona lango la kanisa atatetemeka, na sisi tutasema, "Unaona, ile roho haipendi kanisa." Hiyo ni gharama tumeandika kwa akaunti ya shetani na risiti ni yetu.

Omba kando, kwa sauti ya chini, watu wawili watatu pamoja na mzazi. Mweleze mtoto kwanza, hata kama unafikiri haelewi. Akitoa mkono wako kichwani mwake, uondoe. Maombi hayana mipaka ya umbali.

6. MPANGO WA WIKI

Mengi ya haya hayahitaji hata shilingi.

Kwa kanisa: Tutenge viti vichache karibu na mlango, mbali na spika. Chumba kimoja kiachwe kitulivu wakati wa ibada, na mtu akiingia huko asiulizwe maswali. Mkaribishaji mmoja ajue majina ya familia hizi na awapokee. Tukiambiana tusalimie jirani, asiyetaka kushikwa mkono apungiwe tu. Fundi wa mitambo apime sauti kutoka kiti cha nyuma, si kutoka jukwaani tu.

Kwa walimu wa shule ya Jumapili: Chora mfuatano wa kipindi ukutani: wimbo, hadithi, chakula, maombi, nyumbani. Mabadiliko yakija, sema mapema. Usimlazimishe mtoto kusoma kwa sauti, mwache ajitolee. Mwenye kuchezacheza apewe kazi ya kugawa vitabu.

Kwa wazazi: Ukiwa na shaka juu ya mtoto, tafuta kituo cha tathmini ya elimu kilicho chini ya Wizara ya Elimu, kinachojulikana kama EARC, uliza afisi ya elimu ya eneo lako. Taasisi ya KISE iliyoko Kasarani, Nairobi, pia hufanya tathmini. Mtoto anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na ukiona dalili za kiwewe, mwone daktari au mshauri nasaha. Kwenda kliniki si kukosa imani. Aliyetuma malaika na mkate anaweza kutuma daktari.

Kwa wewe uliyekua hivi bila mtu kujua jina lake: Pengine umesoma hapa na machozi yamekutoka kwa sababu umejiona. Hukuwa mvivu. Hukuwa mjinga. Ulikuwa unabeba kitu ambacho hakuna aliyekuambia ni nini. Ongea na mtu mmoja unayemwamini wiki hii. Ikiwa umefika pahali pa Eliya, pa kutamani kufa, usikae peke yako leo. Piga simu kwa mchungaji, kwa ndugu, au uende hospitali iliyo karibu. Mungu hakumkemea Eliya kwa kusema hivyo. Alimpikia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika 1 Wafalme 19, ni jambo gani Mungu alifanya kabla ya kumrekebisha Eliya? Sisi huanza na lipi?
2. Taja tabia moja ya mtoto unayemjua ambayo umeiita utundu. Inaweza kuwa na sababu gani nyingine?
3. Kwa nini Yesu alimtoa yule mtu kando na umati katika Marko 7? Hiyo inabadilisha nini katika huduma yetu ya maombi?
4. Ni familia gani imeacha kuja kanisani kwa sababu ya hali ya mtoto? Msitaje majina kwa masengenyo. Kubalianeni nani ataenda kuwatembelea, lini, na atabeba nini.

Kiongozi wa kikundi: kama kuna mtu hapendi kusoma andiko kwa sauti, usimtaje. Soma wewe.

MAOMBI

Baba, wewe uliyemwokea Eliya mkate na kusubiri alale, tufundishe subira yako. Tusamehe pale tulipoongeza kidonda juu ya mzigo. Warudishe walioenda bila kufukuzwa. Wape watoto wetu angalau mtu mmoja, na utufanye sisi kuwa huyo mtu. Tunapopaza sauti, na tunaposhusha sauti, jina lako litukuzwe. Kwa jina la Yesu, Amina.